Tabu au Nafasi

Mlango wa chumba cha mikutano ulifunguliwa, akaingia mwanamume aliyeniacha siku kumi na tatu kabla ya harusi yetu.

Sikuwa nimeambiwa. Kampuni yangu na kampuni yake zilikuwa zimeunganishwa wiki iliyotangulia, nasi wa upande wetu tukahamishiwa ofisi yao. Mkurugenzi, mwanamke mrefu mwenye sauti nyembamba ambaye kila mtu alimwita Mama Mkuu, alinieleza tu kwamba nitafanya kazi na mtu anayeitwa Taratibu. "Si jina lake," alisema. "Ni mwendo wake. Utamzoea." Nikawaza mzee fulani mwenye magoti mabovu, kumbe ndiye huyu. Mtu niliyemjua mimi alikuwa akishuka ngazi mbilimbili huku anapiga mluzi.

Nilisimama. Sijui nguvu niliitoa wapi, lakini nilinyoosha mkono nimsalimie mbele za watu.

Aliuacha unaning'inia.

Alinitazama usoni, moja kwa moja, bila kupepesa, kama mtu anayesoma bango la mbali. Mkono hakuutazama kabisa. Wenzetu watatu waliokuwa mezani wakajifanya wana shughuli na simu zao. Nikaurudisha mkono wangu, nikaupangusa kwenye sketi.

"Karibu," akasema.

Sauti ilikuwa ile ile. Kwa miaka minne nilikuwa nikiisikia mahali isipokuwepo: kwenye foleni ya benki, nyuma ya ukuta wa jirani, ndani ya bomba la maji ninapolifunga. Mara mbili niliwahi kushuka basi kabla ya kituo changu nikimfuata mtu aliyekohoa kama yeye. Mama yangu alisema nimeingiwa na mzimu wa mtu aliye hai, na kwamba mzimu wa aina hiyo ndio mbaya, maana hauna hata kaburi la kwenda kuombea.

"Mnafahamiana?" Mama Mkuu aliuliza.

"Kidogo," nikasema.

"Sana," akasema yeye, wakati huo huo.

Mama Mkuu alitutazama mmoja mmoja, akaamua kwamba hayamhusu. Alikuwa na jambo lake. Sisi tulikuwa tumeandika programu za miadi ya zahanati, wao za maduka ya dawa, na sasa zote zilitakiwa zikae pamoja. Lakini kila upande uliandika kwa mkono wake. Kwa asiyejua kazi yetu, programu ni maandishi. Huandikwa mstari kwa mstari, na mstari ulio chini ya mwingine husogezwa kulia kidogo ili jicho lijue nani yuko ndani ya nani. Msogeo huo unaweza kuuandika kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara nne, au kwa kubonyeza mara moja tu kitufe cha tab, ambacho ofisi nzima ilikitamka tabu. Halafu kuna urefu: mstari uachwe ukimbie mpaka wapi kabla haujakatwa? Mambo madogo, utasema. Nimeona watu wazima wenye akili zao wakinuniana mwezi mzima kwa ajili yake.

"Nataka ukurasa mmoja wa kanuni," Mama Mkuu alisema. "Tabu au nafasi, na mstari mwisho wake wapi. Ijumaa. Nyinyi wawili ndio wakubwa wa kila upande, mkielewana nyinyi, wengine watafuata."

Tulikutana Jumanne, wawili tu, kwenye kile chumba kidogo kilichokuwa na meza ya duara na dirisha linalotazama ukuta.

"Nafasi nne," nilianza bila salamu. "Mstari mwisho herufi mia na ishirini. Skrini za siku hizi ni pana, hakuna sababu ya kubanana."

"Tabu," akasema. "Na herufi sitini."

"Sitini?"

"Sitini."

"Hiyo si programu. Hiyo ni orodha ya kwenda sokoni."

Akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lake lile la kuanzia upande wa kushoto. Nikaangalia ukuta wa nje mpaka likaisha.

"Sikiliza," akasema. "Ukitumia tabu, faili linabeba alama moja tu. Kila mtu kwenye skrini yake anaamua alama hiyo ionekane pana kiasi gani. Wewe utaiona pana, mwingine ataiona nyembamba, na faili ni lile lile. Nafasi nne ni nne kwa kila mtu, atake asitake."

"Ndiyo maana ikaitwa kanuni. Wote tuone kitu kimoja."

"Na asiyeweza kuona unachoona wewe?"

"Anunue miwani."

Kiganja chake kilikuwa kinatambaa juu ya meza, polepole, kikitafuta, mpaka kikagusa kikombe chake cha chai. Nilidhani ni dharau, ule mchezo wa mtu anayekusikiliza huku akili yake iko kwingine.

"Halafu tangu lini wewe ukajali mtu apewe uchaguzi?" nikamuuliza. "Mimi nilipewa uchaguzi gani? Nilipewa ujumbe wa simu. Usinisubiri, kosa si lako. Maneno manne. Hata mstari hayakujaza."

"Tuzungumze kazi."

"Miaka minne nimekuwa nikiyapekua hayo maneno manne, nitafute kosa ambalo si langu liko wapi."

"Tafadhali," alisema kwa sauti ya chini sana. "Tuzungumze kazi."

Nikachukua kompyuta yangu nikaondoka. Nyuma yangu nilisikia kikombe kikidondoka.

Mama alikuwa jikoni anamenya viazi. Alifundisha darasa la kwanza kwa miaka thelathini na moja, na mpaka leo anashika kisu kama chaki.

"Umemwona," alisema kabla sijavua viatu.

"Umejuaje?"

"Umerudi na uso wa mwaka ule."

Nikamweleza yote. Hakukatiza. Alipomaliza kiazi alichukua kingine.

"Acha kazi."

"Mama, siwezi kuacha kazi kwa sababu ya mtu."

"Basi mshinde. Hicho mnachogombania, sijui mistari, sijui tabu, mshinde mbele ya watu. Umwone amekaa chini hana la kusema. Labda huyo mzimu atatoka."

Niliyachukua maneno yake kama mgonjwa anavyochukua dawa asiyoijua. Alhamisi baada ya chakula cha mchana nikafungua kumbukumbu za programu yao.

Moyo wa programu ile nzima ulikuwa kazi ambayo yeye aliianza tukiwa chuoni, kisha akaja nayo pale. Nilikuwepo siku ya kwanza. Alikaa mwisho wa benchi la maktaba, mimi nikiwa mwanzo. Na kwa kuwa kumbukumbu za programu hazifuti kitu, kila mstari ulikuwa na tarehe yake. Nikaukuta hata ule ambao alijiandikia maelezo ya pembeni kwa mzaha: "Hapa pasiguswe leo, anayenisubiri tukale ameshakasirika." Nilikuwa nimekasirika kweli. Nikakaa nikiutazama, na chumba chote kikawa kama kimejaa mtu.

Nia yangu ilikuwa ndogo na mbaya. Nilitaka kuonyesha kwamba bwana Sitini mwenyewe hakuandika kwa herufi sitini. Nikapima wastani wa urefu wa mistari yake, mwaka kwa mwaka. Mwaka wa kwanza, mia na kumi. Wa pili, mia na nane. Wa tatu, mia na tano. Nikacheka peke yangu. Mwaka wa nne, tisini. Kisha themanini, sabini na mbili, hamsini na tano. Miezi ya karibuni, arobaini na nane.

Cheko likaniisha.

Nikarudi kusoma mistari yenyewe. Zamani alikuwa akiyapa vitu majina marefu ya kuchekesha. Yakaanza kukatwa, moja baada ya jingine, mpaka yakabaki silabi mbili. Maelezo ya pembeni yakapungua, mizaha ikatoweka. Ilikuwa kama kusoma barua za mtu aliyefungwa katika chumba ambacho kuta zake zinasogea. Nikatafuta mahali ukuta wa kwanza uliposogea. Mwezi wa tatu, mwaka wa nne. Harusi yetu ilikuwa iwe mwezi wa sita.

Mwili ulinisisimka. Kama ningekaa na hisia ile dakika tano zaidi, pengine ningeelewa. Lakini nilikuwa na hasira ya miaka minne na Ijumaa ilikuwa kesho. Nikachora mchoro.

Ijumaa tulikaa sita mezani. Nilizungumza vizuri, namshukuru Mungu na simshukuru. Nikaeleza kwa nini nafasi nne, kwa nini mia na ishirini, kisha nikauweka mchoro wangu kwenye skrini kubwa ya ukutani: mstari mwekundu unaoshuka kutoka juu kushoto mpaka chini kulia, kama ngazi ya kwenda shimoni.

"Mwenzangu anataka tumfuate kwenye kanuni," nikasema. "Lakini hana kanuni. Kila mwaka anaandika kivyake."

Mpimaji wa programu, kijana wa maneno makali ambaye wenzake walimwita Mchungu, akacheka. "Taratibu, mwakani utatuandikia herufi moja moja."

Wengine wakacheka pia. Taratibu alikuwa akitazama ukutani. Hakutazama kama watu wengine wanavyotazama picha. Alianza juu kushoto, akaufuata ule mstari kwa kichwa kizima, pua ikishuka nao kidogo kidogo mpaka chini, kama mtu anayetafuta sindano sakafuni.

"Hiyo ni nini?" akaniuliza.

"Urefu wa mistari yako. Miaka minane."

"Yote?"

"Yote."

Vicheko vikaisha vyenyewe.

"Sikujua kwamba inaonekana," akasema.

Kisha akasimama. "Mama Mkuu, andika pendekezo lake. Nafasi nne, mia na ishirini. Mimi nimekubali."

Alitembea kuelekea mlangoni kwa ule mwendo wake. Mlango ulikuwa wa kioo, na mtu alikuwa ameuacha nusu wazi, ukingo wake umeelekea kwetu. Mtoto angeuona. Yeye aliuendea ukingo ule kwa paji la uso, bila kusita, bila kuinua mkono kujikinga. Mlio wake mpaka leo ninao. Akarudi nyuma hatua moja, akaupapasa mlango kwa vidole, akapita.

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya mchoro wangu mwekundu, na kila kitu kikawa kinanijia kwa mpigo: mkono ulioning'inia, kikombe, ngazi, macho yasiyopepesa. Nilimkimbilia sijui nikiwa nimevaa kiatu kimoja au viwili.

Nilimkuta amekaa kwenye ngazi za nyuma, leso imebanwa juu ya jicho, damu kidogo.

"Unaona kiasi gani?" nikamuuliza.

"Nenda kamalizie mkutano."

"Unaona kiasi gani?"

Akashusha pumzi. "Kunja mkono uwe kama bomba, uchungulie. Kiasi hicho. Hapa ulipokaa nikikutazama macho, kidevu chako sikioni. Mstari mrefu nikiufikisha mwisho, nikirudi kutafuta mwanzo wa unaofuata, nimeshapotea. Kwa hiyo nakata. Tabu naiweka iwe nyembamba kwenye skrini yangu, ili mianzo ya mistari isinikimbie. Ndiyo siri yangu yote."

"Ulijua lini?"

"Mwezi wa tatu. Daktari aliniambia ni ugonjwa wa kurithi, unakula kutoka pembeni kuja katikati. Kabla ya hapo nilikuwa naona kiza cha jioni kizito tu. Tulipokuwa tukitembea jioni nilikuwa nakushika mkono, ukadhani ni mapenzi."

"Hayakuwa mapenzi?"

"Yalikuwa mapenzi pia."

Nilikaa ngazi moja chini yake. Nikakumbuka kwamba hajawahi hata mara moja kunipeleka kwao. Kila nilipouliza, mama yake alikuwa mgonjwa.

"Nimeurithi kwa mama," alisema, kana kwamba amenisikia. "Alikuwa mshonaji. Alificha miaka sita. Alikuwa anashona kwa kupapasa, baba hajui, wateja hawajui, mimi ndiye niliyekuwa namtungia uzi. Siku baba alipojua, hakugombana naye. Alisema anatoka kidogo. Mama aliishi miaka kumi na moja baada ya hapo, na kila hatua za mtu zikisikika nje alikuwa anauliza, ni wewe? Msoma mita ya maji, ni wewe? Jirani, ni wewe? Mpaka siku aliyokufa, muuguzi aliingia, akamuuliza hivyo hivyo." Aligeuza leso akatafuta upande msafi. "Nilimzika. Lakini mpaka leo nikisikia hatua nje ya mlango wangu, swali lile lipo mdomoni kwangu. Nikasema mimi sitakaa nimsikilizie mtu kama atarudi. Na wewe sitakupa nafasi ya kuwa baba yangu."

Nilitaka kumwonea huruma. Ilikuja hasira kwanza.

"Kwa hiyo ukanihukumu kwa kosa la mtu mwingine," nikasema. "Mimi niliyekaa na nguo ya harusi kabatini, naogopa kulifungua. Mimi ndiye niliyekuwa naisikia sauti yako kwenye mabomba. Ulimwogopa baba yako, ukaenda ukawa yeye. Ukatoka kidogo."

Nikaona usoni mwake kwamba jambo hilo hakuwahi kuambiwa na mtu, wala kujiambia.

"Ni kweli," akasema mwishowe.

"Najua ni kweli."

Tulikaa pale mpaka leso ikakauka. Sikumgusa. Nilipoinuka nilimwambia ngazi zimebaki saba na mlango wa chini umefungwa, akasema anajua, anazihesabu kila siku.

Jumamosi nilijifungia chumbani, nikakunja mikono yote miwili kama mabomba, nikaiweka machoni. Nikatembea. Kitanda kikawa kona ya kitanda. Kabati likawa kitasa. Nikatoka sebuleni, nikamtafuta mama, nikaona kwanza goti lake, kisha mkono, kisha nusu ya uso inayonitazama kwa hofu.

"Unafanya nini?"

Nikamweleza. Aliacha kusuka mkeka wake wa plastiki.

"Pole zake," alisema. "Kweli, pole zake. Lakini wewe haikuhusu."

"Mama."

"Sikukulea uwe macho ya mtu. Leo ni huruma, inang'aa. Miaka kumi ijayo unamwongoza msalani, na moyoni unajiuliza kwa nini. Halafu alikuacha akiwa na macho, akikosa macho ndiyo anakukumbuka?"

"Hajaniomba chochote."

"Ndiyo hatari yenyewe," mama akasema. "Asiyeomba huwezi kumnyima."

Usiku huo usingizi wangu ulikuwa wa mang'amung'amu, na kila gari lililopita nje nilijikuta nasikiliza kama limesimama.

Jumatatu niliomba kikao kifunguliwe tena. Nilikuwa nimeamua kusema tu kwamba nimebadili mawazo, niishie hapo. Siri haikuwa yangu. Nikasema, "Naondoa pendekezo langu. Tutumie tabu."

"Kwa nini?" Mchungu akauliza. "Ijumaa ulikuwa na mchoro."

Kabla sijapata uongo wa kumpa, Taratibu alisimama. Alikuwa na plasta kwenye paji la uso.

"Kwa sababu mimi naenda kuwa kipofu," alisema. "Si leo. Pengine miaka minne, pengine kumi. Nimewaficha, na kuficha kumenichosha kuliko macho yenyewe. Kama mnataka niendelee kufanya kazi hapa, nahitaji tabu, na nahitaji mistari mifupi. Kama haiwezekani, niambieni mapema."

Mama Mkuu alivua miwani yake akaifuta, ingawa haikuwa na uchafu. "Mifupi kiasi gani?" akauliza.

"Sitini."

"Sitini ni mateso kwetu sisi," nikasema, na sauti yangu ikatoka ya kawaida kuliko nilivyotegemea. "Tupime."

Tukapima. Niliweka kurasa kwenye skrini yake, kila ukurasa una mistari mirefu kuliko uliotangulia, yeye akasoma kwa sauti. Chumba kizima kilinyamaza kikimsikiliza akisoma programu ya kuhesabu vidonge kana kwamba ni wosia. Herufi sitini alipita kama maji. Sitini na sita, alipita. Sabini na mbili, aliyumba mara moja akajishika. Themanini, alifika mwisho wa mstari wa tatu, akarudi, akasoma mstari wa pili tena. Hakujua. Aliendelea kuusoma kwa utulivu kabisa, na mimi nilikuwa nimemsimamia begani nikiona mahali alipo na mahali anapodhani yupo.

"Basi," nikasema. "Sabini na mbili."

"Tabu moja ihesabiwe herufi nne," Mchungu aliongeza haraka, macho yake mekundu, "ama sivyo tutagombana kwenye kuhesabu. Na mimi mistari mirefu huwa nasinzia katikati, kama mtaniuliza."

Hakuna aliyemuuliza. Mama Mkuu aliandika: tabu, herufi sabini na mbili. Ukurasa ulikuwa na mistari miwili tu.

Jioni hiyo Taratibu alinisubiri nje ya lango la ofisi.

"Nataka kuja kwenu," akasema. "Sina posa. Nina radhi ya kuomba."

"Mama atakufukuza."

"Anayo haki."

Alikuja Jumapili saa kumi. Mama alimwacha asimame mlangoni muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, akamtazama kuanzia viatu. Kisha akamwonyesha kiti kwa mkono, akakumbuka, akasema kwa sauti, "Kiti kipo kulia kwako."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sema kilichokuleta."

Alisema. Hakujitetea, hakumtaja daktari mpaka alipoulizwa. Mimi nilikuwa nimesimama penye pazia kama msichana wa miaka kumi na tano.

"Macho si neno," mama alisema alipomaliza. "Nimefundisha watoto wasioona, wakaandika na wakaolewa. Neno ni kwamba ulikimbia. Utakimbia tena?"

Nilitamani aseme hapana. Mwanamume yeyote angesema hapana.

"Sijui, mama," akajibu. "Nikisema sitakimbia nitakuwa nakudanganya, maana hata safari ile sikujijua. Ninachojua ni kwamba nikiogopa nitasema kwa mdomo, tukiwa uso kwa uso."

"Hilo si jibu la mtu anayetaka mke."

"Najua."

Niliisikia mishale ya saa ya ukutani. Nilimfahamu mama yangu. Akimaliza mtu humaliza kwa maneno mapole, nami nilianza kuyasubiri. Badala yake aliinuka, akachukua mtandio wake kwenye msumari.

"Mwaka ule," alisema, akijifunga, "mimi ndiye niliyepita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wasije. Nyumba kumi na tisa. Nilisimama kwenye milango ya watu, mtu mzima na mvi zangu, sina hata sababu ya kuwapa. Radhi yako mimi nimeisikia. Wao bado. Simama."

Akasimama.

"Mama, leo?" nikauliza.

"Kwani leo kuna mvua?"

Walitoka. Barabara yetu ni mbovu, mawe na mashimo, na jua la saa ile lilikuwa linawapiga usoni. Mama alitangulia hatua tatu, mgongo umenyooka, bila kugeuka. Taratibu alimfuata akiinamisha kichwa, akiitafuta ardhi kipande kwa kipande. Mbele ya nyumba ya kwanza, ya shangazi yangu, kuna mtaro ulio wazi. Mama aliuvuka, akaenda mbele kidogo, akasimama. Aliguna. Kisha akarudi, akamshika mkono juu ya kiwiko, si kwa upole, kama anavyoshikwa mwanafunzi aliyechelewa.

"Mtaro," alimwambia. "Inua mguu. Zaidi."

Aliinua.

Nikafunga mlango wa nyumba kwa ufunguo, nikawafuata.